Sembène na Pesa za Paris

Ousmane Sembène, mwongozaji wa filamu wa Senegal, alifariki Dakar Juni 2007 akiwa ameshabatizwa jina la baba wa sinema ya Afrika, lakini lawama moja haikuzikwa naye: kwamba aliwatukana Wafaransa kwa pesa zao wenyewe.

Lawama hiyo ina pa kusimamia. Tangu 1963 Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa ilikuwa na ofisi ya sinema, na kwa miaka mingi mwongozaji wa Dakar au Niamey hakuwa na milango mingi ya kubisha. Filamu zilizotoka humo zilipigiwa makofi zaidi kwenye matamasha ya Ulaya kuliko Ziguinchor, mji alikozaliwa Sembène mwaka 1923. Anayesema sinema hiyo ilizoea kumtazama mfadhili usoni kabla ya mtazamaji hasemi upuuzi. Mkono mtupu haulambwi.

Ila kumtolea mfano Sembène ni kukosea mtu. Ofisi hiyo iliukataa mswada wa La Noire de..., kisa cha msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kuwa mtumishi wa ndani na kujiua bafuni kwa waajiri wake. Sembène aliitengeneza filamu hivyo hivyo, na mwaka 1966 ikashinda Tuzo ya Jean Vigo huko huko Ufaransa.

Halafu ikaja Mandabi, 1968. Safari hii kituo cha taifa cha sinema cha Ufaransa kilitoa fedha, kwa sharti kwamba filamu iwe kwa Kifaransa. Sembène akakubali, kisha akaipiga mara mbili: Kifaransa kikaenda kwa mfadhili, Kiwolofu, lugha ya Wasenegali, kikabaki kwa wenyewe.

Na tazama alichokisimulia kwa pesa hizo. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Kati ya hizo, 20,000 ni za kumwekea huyo mpwa, 3,000 ni za mama yake, dada yake Dieng. Zinazobaki, 2,000, ndizo za mzee. Lakini mtaa mzima umesikia 25,000. Mchele umeshakopwa dukani, waomba msaada wamejaa mlangoni, na hawala bado haijalipwa. Posta wanataka kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti kinataka tarehe, na Dieng anajua tu kwamba alizaliwa kama mwaka 1900. Mwishowe ndugu msomi, mwenye suti, anapewa uwakili wa kuzichukua. Anarudi akidai ameibiwa.

Elfu mbili katika elfu ishirini na tano! Haifiki hata sehemu moja ya kumi, na kwa hiyo mtu anadhalilika, anadaiwa, anapigwa. Aliyeandika hesabu hiyo alijua vizuri sana maana ya kushika pesa za Paris zenye masharti ya mwenyewe. Wapo watakaosema Paris ilifurahi kwa kuwa mwizi ni Msenegali. Labda. Lakini Sembène aliirudia aina hiyo hiyo ya mwenye suti mwaka 1975 katika filamu ya Xala, na safari hiyo kulikuwa na fedha za shirika la sinema la Senegal yenyewe. Wakaguzi wa serikali wakaikata vipande, naye Sembène akasambaza vikaratasi vya kuwaeleza watazamaji kilichokatwa. Ceddo ya 1977 ikapigwa marufuku kabisa chini ya Senghor, rais mshairi wa Senegal, kwa kisingizio cha tahajia ya jina la filamu. Kwa hiyo pesa za nyumbani nazo hazikuja na uhuru mfukoni.

Mwaka 1988 alipata walichokuwa wakikitaka wakosoaji. Camp de Thiaroye, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, ilitengenezwa kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia bila hata faranga ya Ufaransa. Inahusu askari wa Kiafrika waliopigania Ufaransa, wakadai malipo yao, wakapigwa risasi na jeshi hilo hilo alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944. Tamasha la filamu la Venice liliipa tuzo maalumu ya majaji. Ufaransa ilikaa miaka bila kuionyesha.

Lakini kati ya Ceddo na filamu hiyo ilipita miaka 11, na ile kubwa aliyoiota, ya Samori Touré, mtawala wa Afrika Magharibi aliyepigana na Wafaransa, haikutengenezwa kamwe. Anayemlaumu kwa hundi ya 1968 aseme kwanza ni hundi ipi nyingine iliyokuwa mezani.