Wawili Wawili, Mpaka Lini?

Hivi kuna mtu aliyewahi kutafuta kona ya kunung'unika peke yake akaikosa kabisa? Mimi ndiye. Hata hapa ninapoandika, mwenzangu yupo chumba hiki hiki, anakunja mashati na kuniuliza kila baada ya shati moja, "Unaandika nini?" Nimemwambia naandika barua ya shukrani.

Kabla sijaja huku kwenye umisionari nilionywa mengi. Nikaambiwa habari za mbwa wakali, mvua isiyokatika, lugha ngeni, na watu watakaonifungia mlango puani. Mzee mmoja wa kanisa akanishika bega, akaniambia nisali sana maana adui ana mbinu nyingi. Nikajiandaa kwa yote hayo. Hakuna hata mmoja aliyenitajia habari za kijana wa miaka 19 anayekata kucha gizani.

Kwetu sisi wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) sheria ni moja: unapewa mwenza, na popote ulipo uwe unamwona na kumsikia. Bafuni na chooni ndiko hasa mnakoachana. Hilo la kumsikia mimi sijapata nalo shida hata kidogo, kwa sababu hata akiwa bafuni namsikia. Anaimba tenzi. Tena angeimba utenzi mzima ningenyamaza, lakini yeye anajua ubeti wa kwanza tu, akiumaliza anaurudia, akiurudia anaongeza sauti. Kwa hiyo choo ndiyo ofisi yangu pekee duniani. Nikikaa humo kidogo tu nitafakari maisha yangu, nasikia ngo ngo ngo: "Ndugu, uko salama?"

Nilikuwa salama mpaka ulipobisha!

Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kulala ni saa nne na nusu usiku. Wavulana tunatumikia miaka miwili, wasichana miezi kumi na minane. Sijui ni nani aliyepiga hesabu hiyo, ila nashuku alikuwa na dada zake. Kila baada ya wiki sita hivi kunakuja habari za uhamisho, na hapo ndipo unaweza kubadilishiwa mwenza. Au usibadilishiwe. Wiki hiyo sala zetu zote mbili huwa ndefu kuliko kawaida, na wala hatuulizani tunaomba nini.

Nimechunguza Maandiko kuona kama kuna upenyo. Luka sura ya 10 inasema Bwana aliwatuma wale sabini wawili wawili, akawaagiza wasichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu, wala wasimwamkie mtu njiani. Hapo pa kutoamkia mtu ndipo niliposhangilia, maana kazi yangu mimi kuanzia asubuhi mpaka jioni ni kuamkia watu njiani, na wengi wao wangefurahi sana kama ningelifuata agizo hilo. Nikampelekea mwenzangu hoja. Akanifafanulia kwa robo saa kwamba maana yake ni wasipoteze muda, huku tumesimama kwenye kituo cha basi na basi letu likiondoka.

Nikaenda kwenye Matendo ya Mitume. Sura ya 15, Paulo na Barnaba, watu wazito kabisa, wameshindana vikali mpaka wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakapanda chombo kwenda Kipro, Paulo akamchagua Sila akashika njia nyingine. Andiko linasema chanzo ni huyo Marko. Sikatai. Ila watu wawili waliosafiri pamoja kwa bahari na kwa miguu, wakafukuzwa mji baada ya mji, mimi naamini kulikuwa na mambo ya ndani ambayo Luka aliwafichia aibu.

Na wamisionari wa baadaye je? Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakaweka kituo Rabai. Mwaka 1848 Rebmann akaiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika, wasomi huko Uingereza wakamcheka, eti theluji itakaaje karibu na ikweta. Krapf akaondoka mwaka 1853, vitabu vinasema ni afya. Rebmann akabaki mpaka mwaka 1875. Watu husifu uvumilivu wake, nami namsifu, lakini nauliza tu: mbona baada ya mwenzake kuondoka ndipo alipokaa muda mrefu vile?

Kiongozi wetu akiona tumenyong'onyea hutuletea habari za William Carey, aliyefika India mwaka 1793 akakaa miaka saba ndipo akambatiza Mhindi wa kwanza. Au za Judson aliyefika Burma mwaka 1813 naye akasubiri mpaka mwaka 1819. Anazisimulia kwa nia njema. Mimi nikisikia miaka saba, kitu cha kwanza ninachofanya ni kumtazama mwenzangu.

Milango kwa kweli si tatizo. Anayekataa anakataa, unasema asante unasonga mbele. Tatizo ni wanaokubali nusu. Tumefundishwa kuuliza, "Je, kuna jambo lolote tunaloweza kukusaidia?" Swali zuri, la Kikristo, na karibu kila mtu hujibu hapana, siku yenu njema. Juzi bwana mmoja akajibu ndiyo. Alikuwa anahama. Kabati lake lilikuwa la mbao ngumu, la babu yake, na nyumba anayohamia iko ghorofa ya nne bila lifti. Tumepanda na kushuka na mashati yetu meupe na tai zetu mpaka beji zikapinda. Mwenzangu alikuwa upande wa juu wa kabati, anaimba ubeti wa kwanza. Tulipomaliza, yule bwana akatupa maji, akatushukuru kutoka moyoni, akasema yeye mambo ya dini hapana, ila ana dada yake anahama mwezi ujao.

Siku nyingine tumebisha mlango mmoja, nao wainjilisti wawili wa dhehebu jingine wakafika hapo hapo. Mwenye nyumba akachungulia dirishani, akatuona wanne na mikoba yetu, akafunga pazia. Basi tukabaki kuhubiriana wenyewe pale ngazini. Wao wakatupa vijarida vyao, sisi tukawapa vyetu. Nawaambia, sijawahi kusikilizwa kwa adabu namna ile tangu nianze kazi. Nikamwona mmoja wao anavyomtazama mwenzake anapoongea bila kituo, tukagongana macho. Tulielewana kuliko ndugu wa tumbo moja.

Basi mtasema, si kuna siku ya maandalizi? Ipo, mara moja kwa wiki. Ni siku ya kufua, kupiga pasi, kununua mahitaji, kusafisha nyumba na kunyoa. Jioni ikiingia tunarudi kazini tumechoka kuliko tulivyoianza. Faida yake kubwa ni simu ya nyumbani. Zamani vijana wetu walipiga simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Tangu mwaka 2019 tumeruhusiwa kila wiki, hata kwa video. Nilimshukuru Mungu nikidhani nimepata mtu wangu wa kumweleza masaibu. Nimesahau nini? Sheria ya kuonana na kusikiana. Namweleza Mama masaibu, na masaibu yenyewe yamekaa nyuma yangu yanapunga mkono.

Mama naye hana muda na mimi. "Umekonda," hapo amenimaliza. Halafu: "Mpe mwenzako nimsalimie." Wakianza hao, mimi nabaki fundi mitambo wa kushika simu. Mwenzangu anamweleza kwamba silali mapema, kwamba nguo nyeusi na nyeupe nafua pamoja, kwamba nakaa sana chooni. Mama anaitikia kwa uchungu: "Ndivyo alivyo huyo tangu mdogo, mvumilie tu mwanangu." Nivumiliwe mimi!

Leo asubuhi habari za uhamisho zimefika. Mwenzangu anahama. Ndiyo maana mnaona mashati yanakunjwa. Nikampa mkono, nikamwambia imeniuma sana kumpoteza, nikaingia ofisini kwangu nikafunga mlango nikacheka bila sauti. Anayekuja nasikia ni mpole, haongei, hakoromi, na hana kumbukumbu ya nyimbo.

Nilipotoka ndipo nikasoma ujumbe mpaka mwisho. Mwenzangu amefanywa kiongozi wa wilaya, yaani msimamizi wa kikundi cha wamisionari wa eneo moja. Wilaya yetu. Maana yake kuanzia wiki hii nitakuwa nampa taarifa ya kazi kwa simu: tumebisha wapi, tumefundisha nani, tumelala saa ngapi. Ameshaniambia atapenda tuongee kila jioni, saa tatu kamili, na nisimkatie maana mambo ya kuongea ni mengi. Mama ameshaomba namba yake mpya.