Mapafu ya Nani?

Nilihesabu. Tangu tuvuke mto mpaka tukae kula, mwongoza watalii wetu alitamka "mapafu ya Bangkok" mara tisa. Ya kumi ilitoka kwa bwana mmoja wa kundi letu, mwenye suruali ya kubana kama yuko mashindanoni. Alivuta pumzi ndefu akasema wenyeji wa hapa wana bahati, wanaishi kwa utulivu hivi. Hapo ndipo damu ilipochemka.

Tulikuwa kwenye ziara ya baiskeli Bang Kachao, eneo la miti lililo ng'ambo ya mto kutoka jiji la Bangkok, ndiyo maana wanaliita mapafu yake. Unapanda kaboti Khlong Toei, upande wa jiji, karibu na bandari, unavuka mto Chao Phraya dakika chache tu, unaibukia kwenye minazi. Ndiyo, na mimi nilikumbuka Kigamboni. Tuyaache hayo.

Baiskeli yenyewe sina ugomvi nayo. Ndugu zangu walionicheka ("umepanda ndege mpaka Thailand ukanyonge baiskeli?") wanisamehe, kwa gari nisingeona kitu. Kule kuna vijia vya zege vilivyosimama juu ya nguzo, vyembamba, chini tope na minipa (jamii ya minazi inayoota matopeni), pembeni mara nyingi hakuna hata ukingo, na kona zimekatwa mraba. Nilikuwa nanyonga nimeukaza usukani kama mtoto anayejifunza, mara nyuma yangu pii! Mama mmoja kwenye pikipiki, mtungi wa gesi kaubana kwa miguu, anataka njia. Nikashuka, nikajibana. Gurudumu lake likapita jirani na vidole vyangu, na yeye anatabasamu. Yeye anapeleka gesi nyumbani. Mimi nimelipia kupita hapo.

Halafu kenge. Upo mfereji mmoja alikojilaza jitu zima, nikadhani gogo. Mwongozaji akacheka, akasema jina lake kwa Kithai ni tusi zito, halitamkwi mbele ya wageni. Nikamwambia hata kwetu ukimwita mtu kenge jiandae kukimbia. Tangu hapo tukawa marafiki.

Sasa turudi kwenye mapafu. Serikali yao imebana ujenzi pale tangu miaka ya 1970. Ndiyo maana kwenye bustani ya Sri Nakhon Khuean Khan unasikia ndege, na ukiinua macho unaona maghorofa ya ng'ambo yamejipanga juu ya miti. Wa ng'ambo walijenga, wakapangisha, wakauza. Wa huku waliambiwa bakini na minazi yenu, mji unahitaji hewa. Sasa pafu lina faida gani na pumzi? Anayepumua ni mwenye mwili. Mtu akikuita pafu la jirani yako, utamshukuru?

Tulikula kwa bibi mmoja anayechoma khanom chak: unga wa mchele wa kunata, nazi na sukari, vimefungwa kwenye jani la mnipa mpaka jani linaungua kingo na moshi unaingia kwenye utamu. Nilikula sita. Kwa msaada wa mwongozaji nikamuuliza, "Bibi, utulivu huu unaupenda?" Alinitazama kama nimeuliza kama anapenda kuwa na pua.

"Utulivu? Njoo Jumapili."

Jumapili, kama Jumamosi, ni siku ya soko la Bang Nam Phueng, mji mzima unahamia kwake kuja kupumua. Watoto wake wenyewe wako ng'ambo, kwenye kazi.

Haya, najua mtakachosema. Bila sheria ile pangekuwa zege tupu, na bibi huyo pengine angeshauza kwa bei ya kutupa. Nakubali, shingo upande. Lakini basi mwongozaji, kila akisema mapafu, aseme pia nani analipa gharama ya kuyatunza. Sentensi moja tu, kabla ya picha.

Kwenye kaboti la kurudi, yule bwana wa suruali ya kubana aliuliza kama anaweza kununua kiwanja kule. Akajibiwa kwamba sheria ya Thailand haimruhusu mgeni kumiliki ardhi hivi hivi. Akatafakari kidogo, jasho bado linamtiririka.

"Na kukodi kwa miaka mingi je?"