Kijiti kinachoyeyuka chenyewe: afueni, lakini kwa masharti

Kuweka kijiti cha uzazi wa mpango chini ya ngozi ya mkono ni kazi ya dakika chache. Kukitoa ni shughuli nyingine. Jadelle ina vijiti viwili vya silikoni vinavyofanya kazi miaka 5. Implanon NXT ni kimoja cha plastiki ya aina nyingine, kilichoidhinishwa kwanza kwa miaka 3. Dawa ikiisha plastiki inabaki, na lazima mhudumu aliyefunzwa achane ngozi aitoe. Miaka ya 2012 na 2013 Jadelle ilishuka bei kutoka dola 18 hivi hadi 8.50, wanawake wengi wakaipata. Mafunzo ya kutoa hayakwenda kwa kasi hiyo.

Ndiyo maana kijiti cha polima (aina ya plastiki) inayovunjika mwilini kinavutia. Teknolojia yenyewe si ngeni: tangu miaka ya 1970 wapasuaji hutumia nyuzi za polima za aina hii, ambazo maji ya mwili huzikata kidogokidogo hadi zikaisha bila kutolewa. Kwa vijiti, polima iitwayo polikaprolaktoni ilichaguliwa kwa sababu haina haraka ya kuvunjika. Capronor, kijiti cha polima hiyo kilichobeba levonojestreli, homoni ya kuzuia mimba, kilijaribiwa kwa wanawake miaka ya 1980, ila hakikufika sokoni.

Ugumu uko kwa mwanamke anayebadili nia. Damu haikatiki, kichwa kinamuuma, au anataka mtoto mwaka huu. Silikoni hubaki imara muda wote, lakini kijiti kilichokwisha kulainika kinaweza kukatika vipande mkononi mwa muuguzi, na dawa iliyomo ikaendelea kutoka. Polikaprolaktoni ina nafuu hapa, maana molekuli zake hukatika muda mrefu kabla kijiti hakijapungua uzito. Umbo linabaki, uimara ndio unaopungua.

Mimi nakiunga mkono, hasa kwa ajili ya mama anayeishi mbali na kituo. Ninachokihofia zaidi ya kemia ni wizara kusema: kinayeyuka, mafunzo ya kutoa ya nini? Hapo mwanamke atakuwa amenyang'anywa haki ya kuacha anapotaka, na hilo halikubaliki hata kijiti kiwe salama namna gani.

Kwa hiyo majaribio yasiishie kupima dawa kwenye damu. Yapime pia kijiti kinatokaje mwezi wa 6, wa 12 na wa 18: kizima au vipande, kwa dakika ngapi, tena mikononi mwa muuguzi wa zahanati, si bingwa wa hospitali ya rufaa.