Miezi Saba Iliyoongezwa Kimyakimya

Ukitaka kumtoa jasho afisa wa mikopo, muulize mkopo wako utaisha lini. Atabofya kompyuta, ataita mwenzake, kisha atakuomba uandike barua pepe kwa makao makuu. Mimi niliuliza. Nilikuwa nimetia sahihi mkopo wa miezi 72, sijakosa kulipa hata mwezi mmoja, na mshahara wangu ulikatwa kiasi kile kile kila mwezi. Kwenye taarifa ya mkopo, ambayo nililipia ada ndiyo nikapewa, tarehe ya mwisho ilikuwa imesogea mbele kwa zaidi ya nusu mwaka. "Riba ilipanda," kijana wa kaunta akanieleza kwa upole, "lakini sisi hatukukuongezea makato."

Alisema hivyo kama mtu aliyenifanyia hisani, na sidhani alikuwa akidanganya. Malalamiko mengi kuhusu benki zetu za Kenya ni ya foleni, ya mashine iliyomeza kadi, ya simu ya huduma kwa wateja inayokupigia muziki hadi unakata mwenyewe. Hayo yanaudhi, lakini yana saa na mahali. Mteja anajua amekosewa wapi. Hili la miezi halina kelele. Anayelalamika huambiwa hakusoma mkataba, na hadithi ikaishia hapo. Naona mtu huyo hajasikilizwa vya kutosha.

Tuifanye hesabu, na huu ni mfano tu. Mtu amekopa shilingi milioni moja kwa miaka sita, riba asilimia 14 kwa mwaka, ikihesabiwa kwenye salio la deni. Kila mwezi atalipa takriban shilingi 20,600. Miaka miwili ikipita atakuwa bado anadaiwa kama 754,000. Hapo riba inapandishwa hadi asilimia 19 na kukaa huko. Benki ina njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza makato yafike kama 22,550 ili miaka minne iliyobaki ibaki minne. Nyongeza hiyo, hadi deni linaisha, ni kama shilingi 93,000. Ya pili ni kuacha makato yalivyo na kurefusha muda. Miezi 48 inageuka 55 na ushee, na gharama ya ziada inafika kama 147,000.

Kati ya njia hizo mbili kuna tofauti ya shilingi 54,000. Benki haijaiba chochote: ukikaa na fedha za mtu muda mrefu zaidi, utazilipia zaidi. Lakini angalia kinachotokea ndani ya yale makato yasiyobadilika. Mwezi mmoja kabla ya riba kupanda, katika zile 20,600, riba ilikula kama 8,900 na iliyobaki ikapunguza deni. Mwezi unaofuata riba inakula zaidi ya 11,900. Hati ya mshahara inaonyesha nambari ile ile. Mkopaji anaiona, anashusha pumzi, anaendelea na maisha, huku deni lake likiwa limepunguza mwendo bila yeye kujua.

Wapo ambao wangeichagua njia ya pili kwa mikono miwili. Mzazi mwenye watoto wawili shule ya bweni heri alipe miezi saba zaidi kuliko kupoteza karibu shilingi 2,000 kila mwezi Januari ikimsubiri. Mwalimu wa miaka 56 hana nafasi hiyo. Anastaafu akiwa na 60, na miezi saba iliyoongezwa inaweza kumfuata hadi kwenye pensheni. Mmoja angesema refusha, mwingine angesema nikate zaidi nimalize. Hakuna aliyeulizwa.

Benki nazo zina hoja, tena nzito kuliko wanavyokubali wengi wetu tunaozisema vibaya kwenye matatu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yote ya mshahara kuzidi theluthi mbili. Mfanyakazi ambaye tayari ana sacco na mkopo mwingine hana nafasi ya kukatwa zaidi, kwa hiyo kurefusha muda mara nyingine ndiyo njia pekee iliyo halali. Isitoshe, benki hukopesha fedha za watu wengine. Mwaka 2024, hati za Hazina za siku 91, ambazo serikali hutumia kukopa kwa muda mfupi, zilipokuwa zikilipa karibu asilimia 16, mwenye akiba kubwa hakuwa na sababu ya kuiacha akiba yake benki kwa faida ndogo, na benki zililazimika kumlipa vizuri ili asihame. Amana zile zina mikataba yake. Benki Kuu ikishusha leo kiwango chake, ile riba ya msingi inayoongoza riba za benki, gharama ya amana hizo haishuki kesho. Na mikopo isiyolipwa ilikuwa imepita shilingi 16 katika kila 100 zilizokopeshwa. Mtu lazima aibebe hasara hiyo, na kwa kawaida huwa ni yule anayelipa.

Tena tumewahi kujaribu kuzifunga benki mikono. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 riba haikuruhusiwa kuzidi pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu. Tulishangilia. Kisha mama wa duka na fundi wa pikipiki wakakuta mlango umefungwa, maana benki ziliona heri kuikopesha serikali, na hao wakaangukia mikopo ya simu ambayo riba yake ya mwezi ingemtia aibu shailoki wa mtaani. Anayetaka dari hiyo irudishwe aanze kwa kunieleza hao watakopa wapi.

Hoja hizo nazikubali. Zinaeleza kwa nini riba hupanda. Hazielezi vya kutosha kwa nini hupanda kwa haraka na kushuka kwa kusukumwa. Kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, kikafika 13 Februari 2024. Wastani wa riba za benki ukafuata hadi 17.2 Novemba 2024. Kuanzia Agosti 2024 kiwango kikaanza kushushwa, na kufikia Juni 2025 kilikuwa 9.75. Hizo ni pointi tatu na robo. Wastani wa riba za wakopaji ulikuwa umeshuka kama pointi mbili tu, tena baada ya Benki Kuu kupunguza kiasi cha amana ambacho benki hulazimika kukiweka kwake, kutoka asilimia 4.25 hadi 3.25, na kutangaza Februari 2025 kwamba wakaguzi wake wanaingia kwenye benki na kwamba faini zipo. Wazee walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Sawa, ila ngoma hii tumeilipia wote.

Halafu kuna neno "mkataba". Ni kweli nilitia sahihi kifungu kinachosema riba inaweza kubadilika. Kilikuwa ukurasa wa tisa, kwa Kiingereza cha mawakili, na afisa alikuwa ameshafungua ukurasa wa kumi na mbili akinionyesha kidole pa kutia sahihi. Kukubali kwamba riba itabadilika si sawa na kukubali kwamba sitaambiwa ikibadilika. Sheria yenyewe inaijua tofauti hiyo. Kifungu cha 84 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtaka mkopeshaji aliyeshika ardhi kama dhamana atoe ilani ya maandishi ya angalau siku 30 kabla ya kubadilisha riba, na aitaje riba mpya waziwazi, kwa namna inayoeleweka kwa urahisi. Ajabu ni kwamba aliyeweka shamba ana kifungu hicho cha kushika mkononi, na aliyeweka mshahara wake anategemea zaidi mkataba na miongozo ya Benki Kuu.

Juni 2024 Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi. Katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, iliamua kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, kinachozuia benki kuongeza viwango vya ada bila idhini ya Waziri wa Fedha, kinagusa riba pia. Wengi waliipokea kama ukombozi. Mimi nina wasiwasi nayo. Waziri ambaye serikali yake ndiyo mkopaji mkubwa kuliko wote nchini si mtu ambaye ningependa apitishe bei ya mkopo wangu, na idhini iliyopigwa muhuri Nairobi bado haimwambii mwalimu wa Taveta kwamba deni lake limesogea.

Mfumo mpya wa Benki Kuu una afadhali. Tangu 1 Septemba 2025 mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika hufungwa kwenye KESONIA, wastani wa riba ambayo benki zenyewe hutozana zikikopeshana usiku mmoja, kisha benki huongeza sehemu yake juu. Mikopo ya zamani ilipewa hadi 28 Februari 2026 kuhamishwa. Sasa angalau mteja anaweza kuuliza ni kipi kilichopanda, soko au tamaa. Lakini KESONIA huonyesha riba. Haionyeshi tarehe. Benki inaweza kufuata mfumo huo kwa uaminifu wote, ikatuma ujumbe wa riba mpya siku 30 kabla, na bado mkopaji asijue kama amekatwa zaidi au ameongezewa miezi.

Ninachokitaka hakihitaji bunge wala mahakama, na gharama yake ni ujumbe mmoja wa simu: mkopo wako ulikuwa uishe Machi, sasa utaisha Oktoba, ukitaka uishe Machi tukate kiasi hiki, tujibu moja au mbili. Benki hizi hizi hunitumia ujumbe nikitoa shilingi 200 kwa wakala saa nne usiku. Mitambo wanayo.

Riba yangu nayo ilishuka hatimaye, na safari hiyo niliarifiwa. Ujumbe ulikuja na shukrani kwa uaminifu wangu na picha ya puto. Nilirudi kwa kijana yule wa kaunta kuuliza kama miezi yangu nayo imerudi. Akabofya kompyuta, akamwita mwenzake.