Kujitolea si kupunguza viwango

Wanaotafuta wasanifu majengo wa kujitolea wana dhana moja ambayo imeshazoeleka mno: mradi ukiwa wa msaada na vifaa vikiwa vya kuokoteza, kazi ya msanifu inakuwa nyepesi. Vifaa vipo, mafundi wapo, kilichobaki ni mchoro tu. Mimi naona ni kinyume chake. Nondo mpya inakuja na viwango vyake kutoka kiwandani, nguvu yake inajulikana hata kabla hujashika kalamu. Mbao iliyong'olewa kwenye jengo lililobomolewa haina cheti chochote. Wa kuithibitisha ni wewe.

Chukua hizo nondo. Baada ya tetemeko, kifusi hujaa nondo zilizopinda, na watu huzinyoosha kwa nyundo ili zitumike tena. Kwa macho ni nzima. Ila chuma kikikunjwa na kunyooshwa kikiwa baridi hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuvutika, na kule kuvutika ndiko kunakowapa waliomo ndani nafasi ya kutoka kabla zege halijawaangukia. Likija tetemeko jingine, nondo ile yaweza kukatika ghafla palepale ilipowahi kupinda. Kwenye nguzo na boriti mimi siipitishi, hata kamati ya mradi ikininunia. Kwenye grili ya dirisha, sawa.

Mapaa ya asbesto nayo hayana mjadala. Shirika la Afya Duniani limeshasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na kulikata au kulitoboa bati lake ndiko kunakorusha vumbi lenyewe. Mbao za zamani zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki zinahitaji kuulizwa swali la ziada: vipande vitakavyobaki vitaishia wapi? Kwa kawaida huishia jikoni kama kuni, na moshi wake ni sumu. Hilo halionekani kwenye mchoro wowote, lakini ni kazi ya msanifu kulifikiria.

Sisemi vifaa chakavu vikataliwe. Navipenda, na vinafundisha usanifu kuliko katalogi yoyote, kwa sababu vinageuza utaratibu wote. Kwanza unahesabu rundo, ndipo unachora. Milango uliyopewa ndiyo inayopanga upana wa nafasi ukutani. Matofali yaliyojengewa chokaa husafishika kwa urahisi yakarudi kazini, lakini yaliyoshikwa na saruji ngumu mara nyingi huvunjika kabla saruji haijabanduka. Kwa hiyo ukiona ukuta unabomolewa, chungulia kwanza kilichomo kati ya tofali na tofali ndipo uahidi chochote.

Bati la mtumba ndilo linaloniburudisha zaidi. Lina matundu ya misumari ya zamani, na fundi akilipigilia kwa haraka, tundu moja likaangukia kwenye bonde la bati, nyumba inavuja mvua ya kwanza. Ndiyo maana nafasi za papi, zile mbao zinazobeba bati, hupangwa kwa kufuata matundu yaliyopo. Msumari mpya unapita kwenye tundu la zamani la mgongoni, na matundu yanayobaki yanafichwa chini ya bati la jirani pale yanapopandana. Paa zima linachorwa kutokana na matundu. (Wanafunzi wa usanifu hawaamini mpaka wapande wenyewe.)

Mifano mizuri ipo. Huko Hale County, Alabama, Marekani, wanafunzi wa Rural Studio, programu ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Auburn, walijenga ukumbi wa jamii pale Mason's Bend na kuuezeka upande mmoja kwa vioo vya mbele vya magari ya Chevrolet Caprice. Watu husifia uzuri wake. Mimi nasifia akili iliyomo: kioo cha mbele cha gari kina tabaka la plastiki katikati, kwa hiyo kikipasuka hakimwagikii watu vichwani. Kioo cha kawaida cha dirisha kisingefaa pale. Na baada ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, msanifu Mjapani Shigeru Ban aliweka nyumba za muda juu ya kreti za bia zilizojazwa mifuko ya mchanga. Kreti hupangika, hubebeka, na kazi ikiisha hurudi zilikotoka.

Ban huyohuyo alikutana na somo jingine katika suala la wakimbizi wa Rwanda. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liligawa maturubai, watu wakakata miti kupata fremu, misitu ikaangamia. Zikaletwa nguzo za alumini, wakaziuza na kurudi kukata miti. Ndipo yeye akapendekeza mirija ya karatasi, kitu ambacho hakina bei ya maana sokoni. Wengine husimulia kisa hiki kama kuwalaumu wakimbizi. Mimi ningeuza pia. Msanifu asiyejua kifaa chake kina thamani gani kwa mtu mwenye njaa hajamaliza kuchora.

Kinachonikera ni wanaokuja kwa picha. Wanapiga plasta ukuta mmoja, wanapiga picha, wanaondoka, na jengo la vifaa vya kuokoteza ndilo linalohitaji mtu wa kulirudia: mbao hukauka na kujikunja, misumari hulegea, bungua hutokea alipokuwa amejificha. Rural Studio imekuwa eneo lilelile tangu 1993, ikiona nyumba zake zinavyozeeka. Architecture for Humanity, shirika la usanifu wa kujitolea lililoanzishwa 1999 na kusambaa nchi nyingi, lilifunga ofisi yake kuu 2015 kwa kukosa fedha. Sisemi kazi yake ilikuwa bure, ila nani anapigiwa simu paa likivuja?

Kwa hiyo nikiombwa kujitolea, nauliza kwanza nani atatia saini michoro, nani atasimamia uchambuzi wa vifaa, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema hiki kirudishwe jalalani. Nikijibiwa kwamba hayo tutayaona mbele ya safari, naaga kwa heshima. Ada naweza kuisamehe yote, lakini ukaguzi siusamehi.