Shikamoo ya Kew

Ukiingia nyumba ya vioo wakati wa baridi, vua miwani mlangoni. Mimi sikuvua.

Ilikuwa Januari, London, nje nyuzi 3. Mpwa wangu alinipeleka bustani ya Kew kuona minazi. Mimi, mtu wa Tanga, nalipia kiingilio kuona minazi! Palm House ni jumba la chuma na vioo lililojengwa kati ya 1844 na 1848, na ndani mna fukuto kama la kwetu masika yakikaribia. Nami nimevaa sweta mbili, koti zito na skafu ya sufu.

Hatua ya kwanza tu, dunia ikawa nyeupe. Miwani ilikuwa bado na ubaridi wa nje, na hewa yenye mvuke ikigusa kioo baridi, maji hutua hapohapo. Nikafuta kwa skafu. Sekunde tatu, nyeupe tena, safari hii na michirizi na nyuzi za sufu. Kufuta ni kazi bure mpaka kioo chenyewe kipate joto: usubiri dakika kadhaa, au uitie kwapani kabla hujaingia. Simu nayo vilevile. Picha zangu za siku ile utadhani nilizipiga jikoni, kuni mbichi zikifuka.

Nikaivua, nikawa natembea kwa kupapasa. Mbele yangu nikaona mzee mrefu, kapinda, kaegemea magongo, nywele timutimu.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Pengine masikio mazito. Nikasogea, nikapaza sauti: "Shikamoo!" Nikanyoosha mkono. Ukapokewa na miiba.

"Mjomba," mpwa wangu alisema, kicheko kimemkaba, "unauamkia mti."

Miwani ilipokubali, nikautazama vizuri. Ni jamaa wa mitapo ya mwambao wetu, ile mimea ya miiba ifananayo na minazi, ila huu Francis Masson, mkusanyaji mimea wa Kew, aliutoa Afrika Kusini, ukafika Kew 1775, na hadi leo unaishi chunguni. Shina limerefuka likainama, ndiyo maana limewekewa vyuma vya kuliegemeza. Koni, yaani kiungo chake cha kuzalia, umetoa mara moja tu hapo, 1819, na Joseph Banks, mtaalamu mashuhuri wa mimea, akaja kuiona.

"Umempita mzee wa karne mbili na ushee bila salamu," nikamwambia mpwa, "halafu unanicheka mimi?"

Akaangaza huku na huku, akahakikisha hatazamwi, akanong'ona: "Shikamoo."