Mkondo au mwelekeo? Mzozo juu ya gesi ya latisi inayosukumwa

Mwaka 1983 wanafizikia Sheldon Katz, Joel Lebowitz na Herbert Spohn waliichukua modeli ya Ising, yaani modeli ya sumaku yenye spini (mishale midogo) zilizopangwa kwenye latisi, wavu wa nafasi, wakaitazama kwa sura ya gesi, ambamo spini inayoelekea juu ni chembe na inayoelekea chini ni nafasi tupu, wakaongeza uga, yaani nguvu inayosukuma chembe zote upande mmoja. Kwa kuwa kingo za latisi zimeunganishwa, chembe inayotoka upande huu huingia upande wa pili, mkondo haukomi, na mfumo haufikii msawazo (hali tulivu isiyo na mkondo) kamwe.

Ungetarajia msukumo huo uvuruge mpangilio kama joto linavyouvuruga. Matokeo yalikuwa kinyume: uga ukiwa mkali mno, latisi ya pande mbili iliyojaa nusu hujigawa katika mikanda inayofuata mwelekeo wa uga, na huanza kufanya hivyo kwenye halijoto inayoizidi kwa takriban asilimia 40 ile aliyoikokotoa Lars Onsager mwaka 1944 kwa modeli iliyo katika msawazo. Hata juu ya halijoto hiyo, uhusiano kati ya chembe zilizo mbali haufifii upesi, bali hupungua kwa kinyume cha mraba wa umbali, ukiwa chanya kwa kufuata uga na hasi kwa kuukata.

Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi ni juu ya kinachotawala mpito wenyewe, yaani huko kujigawa katika mikanda. Mwaka 1986 Janssen na Schmittmann, na kwa upande wao Leung na Cardy, walionyesha kwa nadharia ya uga (mbinu ya kihisabati, si uga ule unaosukuma) kwamba mkondo ndio kiini, na kwamba kipeo cha mpangilio, beta, namba inayoeleza jinsi mpangilio unavyokua karibu na halijoto ya mpito, ni nusu kamili. Garrido, de los Santos na Muñoz walipinga: uga usio na kikomo, walisema, huliondoa neno la mkondo katika mlinganyo na kuacha tofauti ya mielekeo (kati ya kufuata uga na kuukata) peke yake, kana kwamba msukumo unabadilika upande kibahati, na hapo beta hukaribia 0.33.

Uigaji wa kompyuta ungepaswa kuamua, lakini kipimo chenyewe kinaegemea nadharia. Kambi ya kwanza inataka urefu wa latisi, kwa kufuata uga, ukue kwa mchemraba wa upana, hivyo ukiongeza upana mara mbili urefu uongezeke mara nane. Kambi ya pili inadai takriban mara nne tu. Anayechagua umbo la latisi amekwisha kuegemea upande kabla ya kuhesabu chembe moja, na hilo naliona tatizo zito kuliko tofauti ya namba zenyewe.

Hata hivyo naipa uzito kambi ya mkondo, kwa sababu ya ulinganifu. Msukumo wa kibahati hauoni tofauti ukibadilishana chembe na nafasi tupu. Msukumo wa upande mmoja huiona, isipokuwa uugeuze na uga pia. Ndiyo maana uhusiano unaopimwa kwa chembe tatu kwa pamoja hautoweki katika modeli ya Katz na wenzake, ilhali katika ile ya kibahati iliyojaa nusu lazima uwe sifuri. Kambi ya pili iliwahi kujitetea kwa vipimo vya muda mfupi, lakini kazi za mwaka 2017 zimeonyesha kwamba katika hatua hizo za mwanzo mpangilio hukua kwa namna ileile katika modeli zote mbili, kwa hiyo vipimo hivyo haviwezi kuzitenganisha.